Dram sanda ya mtumba inarusha vipande nyuma, naomba msaada kabla haijaumiza mtu

Kijana_wa_Moro

Wakuu habari za muda huu. Nina kakarakana kangu hapa Morogoro, natengeneza meza, stuli na vile vibao vya kukatia nyama vya kuunganisha vipande vya mninga na mtiki. Kazi ya msasa ilikuwa inatumaliza mikono nikaona bora nivute dram sanda (mashine ya kupiga msasa, dramu iliyozungushiwa msasa inakwangua ubao unaopita chini yake), nimepata ya mtumba imetoka Marekani, ile ya inchi 16 ambayo dramu imeshikwa upande mmoja na upande wa pili uko wazi ili ubao mpana utokeze nje. Haikuja na kitabu.

Mashine inafanya kazi ila ina vituko. Ubao wa sentimita 35 ukitoka, upande mmoja unakuwa mnene kuliko mwenzake karibu milimita nzima. Mninga unatoka na mistari myeusi ya kuungua. Mota inachemka mpaka huwezi kuigusa, na inanguruma hata kabla sijaingiza mbao (nimeiweka kwenye transfoma ya kushusha volti kuja 110).

Ila kilichonileta hapa ni juzi, kijana wangu kapitisha vipande viwili kwa pamoja, kimoja kikaenda vizuri, kingine kikafika chini ya dramu kikachomoka kikarudi nyuma kwa kasi kikagonga ukuta. Bahati alikuwa amesogea pembeni kufuata tepu. Tangu siku hiyo hataki kuigusa na mimi simlazimishi. Naomba anayeijua hii mashine anieleze inasetiwaje tangu mwanzo, msiniambie niuze.

Msumeno_Mkali

Kabla watu hawajamwaga elimu, hivyo vipande viwili vilikuwa na unene sawa? Maana nahisi jibu nalijua

Kijana_wa_Moro

Hapana mkuu, kimoja kilikuwa kimezidi kama milimita mbili hivi, alidhani kile kinene kitaliwa kwanza halafu kinachofuata kitafikiwa baadae

Babu_wa_Randa

Basi hapo ndo penyewe mdogo wangu. Ukitazama ndani, mbele na nyuma ya dramu kuna rola mbili zenye springi, kazi yake ni kuukandamiza ubao kwenye mkanda unaoubeba. Ukiingiza vipande viwili, kile kinene kinazinyanyua rola zote, chembamba kinabaki hakijashikwa na kitu, kimekaa tu juu ya mkanda kinasubiri. Dramu nayo inazunguka kupingana na mwendo wa ubao, yaani ubao unaenda mbele msasa unausukuma urudi kwako. Hicho kipande kikiguswa kidogo tu lazima kirudi. Piga hesabu, dramu ya kipenyo cha sentimita 13 ikizunguka mara 1,400 kwa dakika uso wa msasa unakimbia mita 9.5 kwa sekunde, hiyo ni kama kilomita 34 kwa saa, kasi ya bodaboda mtaani. Kwa hiyo kimoja kimoja, na ukilazimika kupitisha viwili sambamba viwe vimetoka kwenye plena moja (mashine ya kuranda na kusawazisha unene) na unene mmoja, hapo napo mimi bado nasitasita.

La pili ni urefu. Kipande lazima kiwe kirefu kuliko nafasi kati ya rola na rola, ili kisije kikajikuta kipo chini ya dramu bila rola hata moja kukishika. Mashine ndogo nyingi zinaruhusu kifupi cha kama sentimita 6 lakini hiyo ni kwa mashine mpya yenye springi nzima, ya mtumba mimi sipitishi kitu chini ya sentimita 15. Kikiwa kifupi bandika kwa gundi vipande viwili virefu ubavuni, kimoja kila upande, vyenye unene uleule, vikatangulia mbele na kubaki nyuma, ukimaliza unavikata. Kitu chembamba sana kama cha milimita 3 kibandike juu ya ubao mnene kwa tepu ya pande mbili.

La tatu, pa kusimama. Usisimame nyuma ya ubao ukiwa umeuelekea, simama ubavuni. Hata kama umepitisha mbao mia salama. Na usichungulie ndani kwa kuinama usawa wa meza kuona inavyokula, nimeona watu wazima wanafanya hivyo.

Sasa kuseti. Chomoa waya ukutani, sio kuzima swichi, CHOMOA. Vua msasa. Tafuta zile bapa za chuma za kupimia nafasi, mafundi gari wanaziita fila geji, na ubao mmoja ulionyooka kweli, uweke juu ya mkanda. Shusha dramu mpaka ile bapa ipite kwa kubana kidogo upande wa ndani, halafu bila kugusa hendeli ya kupandisha na kushusha hamia upande wa nje ulio wazi upime kwa bapa ileile. Ikiingia kwa kulegea au ikagoma ndo umeona ugonjwa wa milimita yako. Kwenye hizi za upande mmoja wazi kuna nati za kurekebishia aidha kwenye mkono wa dramu au chini ya meza ya mkanda upande wa nje, unalegeza, unapandisha au kushusha robo robo, unakaza, unapima tena, maana ukikaza huwa inasogea. Kama huoni nati weka vipande vya bati jembamba chini ya meza upande ulio chini.

Ukimaliza vaa msasa fanya jaribio la mbao. Chukua ubao mmoja uliopita plena, upasue vipande viwili vyembamba virefu, pitisha kimoja upande wa ndani, kingine upande wa nje, hendeli hujaigusa, halafu pima unene kwa kalipa. Jaribio hili ndo naliamini kuliko bapa, bapa inakuambia chuma kikoje ila mbao inakuambia mashine inakata vipi ikiwa inafanya kazi.

Volti_Nne

Naona wote mmeruka umeme na mimi ndo naona moto hapo. Mkuu transfoma inashusha volti, haibadilishi hezi, yaani mara ngapi umeme unapiga kwa sekunde. Marekani umeme wao ni hezi 60, sisi hezi 50. Mota ya 110 ya hezi 60 ukiilisha 110 ya hezi 50, chuma chake ndani kinabeba sumaku zaidi ya kilivyotengenezwa kwa kama asilimia 20, inanguruma, inachemka, na mzunguko unashuka kwa sehemu moja ya sita. Ndo hiyo mingurumo unayosikia hata mbao haijaingia. Ukiendelea hivyo siku moja utanusa vanishi ya koili ikiungua.

Alafu hiyo transfoma ni ya ukubwa gani? Mota za hizo mashine zinavuta karibu ampea 20 kwenye 110 zikiwa kazini, hiyo ni zaidi ya 2 kVA, na kuwaka kwake inavuta zaidi mara kadhaa. Wengi wanaweka transfoma ya friji hapo.

Ushauri wangu, toa hiyo mota kubwa funga ya 230 hezi 50 ya kilowati 1.5 yenye mizunguko 1,400 na kitu, shafti na puli zifanane. Mota ndogo inayovuta mkanda mara nyingi ni ya DC inapita kwenye kadi ya kupunguza mwendo, hiyo haijali sana hezi, ibakishie katransfoma kake kadogo. Waya wa kutoka ukutani uwe wa milimita za mraba 2.5, sio ekstensheni ya tivii, na waya wa ethi uunganishwe kwenye bodi ya mashine kweli kweli. Kazi hiyo mpe fundi umeme mwenye leseni.

Na ukishabadilisha mota, kabla hujavaa msasa, washa sekunde moja uzime uone dramu inazungukia wapi. Ikizunguka kinyume inaukamata ubao na kuutema mbele badala ya kuupinga, na msasa wenyewe unaweza kufunguka. Wenye mashine kubwa za fezi tatu hili ndo liwe kichwani kila siku, fundi akija kurekebisha meini swichi akakosea fezi mbili tu dramu inageuka na hakuna anayekuambia.

JuaKali_Gikomba

Wadau niko Nairobi, niongeze moja. Stima ikipotea katikati ya kazi mnafanya nini? Kwetu hiyo ndio hatari namba moja. Mbao iko ndani, mashine imenyamaza, fundi anafungua kifuniko anaanza kuvuta mbao kwa mikono, swichi bado iko on, stima inarudi. Huyo dramu ataanza kuzunguka na vidole viko ndani. Swichi za kawaida za kubonyeza zinabaki zimewaka. Weka swichi ya sumaku, stima ikipotea inajizima yenyewe na haiwezi kurudi mpaka mtu abonyeze kijani. Haina bei ya kutisha. Mpaka uipate, sheria ya workshop iwe hivi: stima imepotea, mtu wa kwanza anazima swichi, anachomoa plagi anaiweka mahali inaonekana, anainua dramu na hendeli, ndio mbao inatoka.

Na usisimamishe mkanda wa kubeba mbao huku dramu inazunguka, itachimba shimo na kuchoma palepale. Ukiona mashine inalemewa punguza mwendo wa mkanda au zima kila kitu, usisukume mbao na mkono.

mama_samani

Asanteni kwa yote ila hamjagusa vumbi na mimi ndo lilinifanya nibadilishe karakana nzima. Dram sanda haitoi maranda kama plena, inatoa unga laini sana, ule unaobaki hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, ndio maana asubuhi unakuta umejaa hata juu ya saa ya ukutani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995, saratani ya pua na yale matundu ya hewa ya pembeni ya pua. Na tusiongelee ya mbali, mvule unajulikana kwa kuleta pumu na kuwasha ngozi, mninga nao kuna watu wanapiga chafya wanavimba macho. Kijana wangu mmoja akishika mvule bila barakoa usiku halali.

Usiiwashe hiyo mashine kabla hujaunga kinyonya vumbi. Bomba la inchi 4, lisiwe refu na lisiwe na kona nyingi. Mimi nimeweka pipa katikati linalozungusha hewa, unga mzito unashuka kwenye pipa na kidogo tu ndo kinafika kwenye mfuko. Barakoa iwe ile ya N95 au FFP2, ile ya hospitali ya bluu haibani usoni inapitisha vumbi pembeni, na leso ndo kabisaa ni kujidanganya. Usifagie kwa fagio kavu, unarudisha yote hewani.

Jioni mwaga mfuko, usilaze unga ndani ya jengo. Mbao za paleti na za kubomolea nyumba zipitishie sumaku kwanza, msumari mmoja ukigongwa na msasa unatoa cheche, cheche inavutwa na upepo wa kinyonya vumbi moja kwa moja mpaka kwenye mfuko wa unga mkavu, na huwezi kujua mpaka baadae sana. Moto wa hivyo unaanza wakati mmeshafunga mlango mmeenda kula.

Kijana_wa_Moro

Dah nawashukuru sana, nimezima mashine mpaka nibadilishe mota. Transfoma kweli ni ya friji, ya 2 kVA. Sasa hiyo ya kuungua na mistari? Na msasa unafungwaje, maana uliokuja nao ulikuwa umepandana na mimi niliufunga vilevile nikidhani ndo mtindo wake

Babu_wa_Randa

Kupandana ni kosa, palipopandana panakuwa na kigongo, kigongo kinaungua haraka na kinakula zaidi. Nunua msasa wa roli wenye mgongo wa kitambaa, inchi 3 upana, Gerezani kule Dar unaupata kwa mita. Usinunue wa karatasi utachanika. Tumia ule wa zamani kama kipimo cha kukatia, ncha zote mbili zinakatwa mshazari ili mwanzo na mwisho uendane na ukingo wa dramu. Anza upande wa nje, bana kwenye klipu, zungusha dramu kwa mkono (plagi nje!) huku ukivuta msasa ubane, kingo zikaribiane zisipandane, nafasi ya milimita moja mbili haina shida. Ncha ya mwisho inaingia kwenye klipu ya ndani ambayo ina springi, hiyo springi ndo inavuta msasa ukirefuka maana ukipata joto unarefuka. Piga pasi chache, zima, chomoa, angalia kama umelegea, kaza tena. Msasa uliolegea unaupiga ubao badala ya kuukwangua, unaona mawimbi ya kukata upana wa ubao.

Mistari myeusi inayofuata urefu ni kitu kingine. Hiyo ni sehemu ya msasa iliyojaa gundi au utomvu. Kila mstari una doa lake kwenye dramu, fungua kifuniko mashine ikiwa imechomolewa utayaona, yanang'aa kama lami. Wewe unatengeneza vibao vya kuunganisha, gundi iliyovuja na kukauka unaikwangua kwanza kwa skrepa kabla ya kupitisha? Nadhani hapana. Gundi ikipata joto inayeyuka inajibandika kwenye msasa na kuanzia hapo unachoma mbao. Mtiki nao una mafuta, paini ya Mufindi ina utomvu, mvule ndani una mawe ya chokaa unaweza kukutana nayo ghafla. Dawa ni kusafisha mara kwa mara kwa mpira ule mlaini wa soli za raba, crepe. Wapo wanaoushika kwa mkono kwenye dramu inayozunguka, mimi naubandika juu ya ubao mrefu na kuupitisha kama mbao ya kawaida kwa kugusa kidogo tu.

Halafu punguza tamaa. Hii sio plena. Kwa msasa namba 80 (namba ndogo ndo mkali zaidi) pasi moja, yaani kupitisha ubao mara moja, ni kama milimita 0.4, kwenye mashine nyingi za aina yako hiyo ni robo ya mzunguko wa hendeli. Kwa 120 nusu ya hapo au pungufu. Kwa 180 dramu inagusa tu. Anzia chini, 60 au 80, halafu usiruke namba zaidi ya moja, ukitoka 60 ukaruka kwenda 180 mikwaruzo ya 60 utaiona siku umepaka vanishi na mteja amesimama. Na usiwashe mashine dramu ikiwa imeshagusa ubao, shusha ikiwa imezimwa mpaka iguse, pandisha kidogo, washa, ndo uanze kulisha.

Msumeno_Mkali

Mkanda nao weka mwendo wa haraka kidogo kwa mninga, ukienda polepole sana msasa unasugua palepale unachoma. Na ingiza ubao kwa pembe kidogo pasi za mwanzo, sio kunyooka kabisa, uchafu haujirundiki sehemu moja. Pasi ya mwisho ndo unyooshe ifuate nyuzi za mbao.

Mgeni_Mbao

Samahani mimi ni mgeni, glavu ni lazima? Naona nyie hamjaongelea. Mbao zinachoma sana mikono

JuaKali_Gikomba

Mkanda umewaka, glavu zinatoka. Ile mkanda na rola zinavuta polepole lakini hazijui kuachia, glavu ikishikwa kati ya mbao na rola inaenda na mkono. Hata mbao nzito yenyewe inaweza kukubana vidole kati yake na meza wakati inaingia, kwa hiyo ishike ubavuni, mikono isiwe chini. Pete, bangili, mikono mirefu ya shati, zile kamba za hudi, hapana. Miwani na vizuia sauti ndiyo.

mama_samani

Na dada zetu, kanga na ushungi unaoning'inia pia. Mimi navaa aproni imefungwa nyuma na kichwa nafunga kilemba kifupi kilichobanwa.

Mgeni_Mbao

Sawa nimeelewa, glavu za kubebea mbao tu

Kijana_wa_Moro

Mrejesho wakuu. Mota ya 230 imefungwa, mingurumo kwisha, baada ya kazi naishika inakuwa ya uvuguvugu tu. Swichi ya sumaku nimeweka. Fundi umeme alipowasha mara ya kwanza dramu ilizunguka kinyume kama Volti_Nne alivyosema, tukabadilisha. Upande wa nje ulikuwa juu kweli, nimerekebisha kwa nati mbili chini ya meza, sasa ile tofauti kwa kalipa ni milimita 0.1. Kijana karudi kwenye mashine, anasimama ubavuni hata ukimwita haji mbele.

Swali la mwisho: nina juu ya meza ya upana wa sentimita 60, mashine ni inchi 16, nikipitisha mara mbili kwa kugeuza nitapata mstari katikati?

Babu_wa_Randa

Utapata kama umeseti sambamba kabisa au upande wa nje uko chini hata unywele. Kwa kazi ya kugeuza, upande ulio wazi unapandishwa kidogo mno, unene wa karatasi moja, ili msasa uishe taratibu usiache ngazi. Maliza vibao vyako vyote vyembamba kwanza ndo upandishe, ukimaliza meza unarudisha. Na meza ya sentimita 60 ni nzito, weka stendi mbili za rola, moja ya kuingilia moja ya kutokea, usawa mmoja na mkanda. Ukiacha ining'inie nyuma, mwisho wa ubao unanyanyuka kwenye dramu na kuchimbwa. Geuza pasi zote mbili kwa urefu uleule wa hendeli, usishushe kati ya upande wa kwanza na wa pili.

Msumeno_Mkali

Na mtu wa pili awepo wa kupokea. Apokee tu, asivute

Kijana_wa_Moro

Poa, stendi nachomelea kesho